Mizani inayopotea kompyuta ikiamka: shajara ya fundi, Mtwara

Septemba 4, usiku

Nimeipokea kazi hii kwa aibu kidogo, maana mashine zenyewe nilizifunga mimi. Ni ghala la chama cha msingi kimoja, barabara ya kwenda Tandahimba, ukishapita Nanguruwe. Kuna kompyuta tatu za mezani, zote za mtumba, zinatumia Debian 12, aina mojawapo ya Linux. Kila moja ina mizani yake ya kidijitali, inayoleta kilo kwa kebo ya seriali iliyogeuzwa kuwa USB, na programu ya kupimia niliiandika mwenyewe kwa Python.

Malalamiko niliyopewa kwa simu: kompyuta ikilala kisha ikaamka, mizani "inapotea". Skrini inawaka vizuri, ila kilo zinabaki zilezile zilizokuwapo kabla ya kulala. Mwenyekiti amesema lolote liwe, lipone kabla msimu haujafunguliwa Oktoba. Baada ya hapo magunia yatapanga foleni mpaka barabarani na hakuna atakayekuwa na muda wa kunisikiliza.

Neno "zilezile" limeninyima usingizi. Ingeonyesha sifuri au kosa, ningelala. Lakini ikiendelea kuonyesha kilo za gunia lililopita, korosho za mkulima mmoja zinaweza kuandikwa kwa mwingine.

Septemba 6

Nimefika na hiace ya asubuhi: mita, bisibisi, kebo mbili za akiba, na fungu la ming'oko nililonunua stendi. Nikaamkia, nikaonyeshwa chumba.

Chumba cha kompyuta kimepakana na stoo ya pembejeo. Mifuko ya salfa iliyobaki baada ya kupulizia mikorosho bado imo, na ile harufu imeshika hadi mapazia. Huku kwetu kifaa chochote kikifa washitakiwa ni wawili tu, chumvi ya bahari na salfa, na kusema kweli mara nyingi wana hatia. Salfa huifanya shaba na fedha kuwa nyeusi, na viunganishi vya poti ndiyo mahali pake. Nikafungua mashine ya 2, nikaona weusi niliotaka kuuona, nikasafisha kwa spiriti na brashi kwa saa nzima. Nikailaza. Nikaiamsha. Mizani haipo.

Nilipaswa kujiuliza kabla ya kushika brashi: uchafu hauchagui saa. Ungekuwa uchafu, mizani ingekatika hata katikati ya kupima. Hii haikatiki kamwe ila baada ya kuamka.

Jioni nikakaa na karani, mama wa makamo ambaye amekuwa kwenye mizani tangu enzi za rula na mawe. Maneno yake nimeyaandika kama yalivyo, maana yana thamani kuliko spiriti yangu:

"Fundi, nikienda kuswali nikirudi ipo. Nikienda kula haipo."

Na la pili: "Ikipotea, funga programu kwanza, ndiyo uchomoe waya, uchomeke, ufungue programu. Huyu kijana wetu anachomoa kwanza ndipo anafunga, kwake inagoma."

Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Mie nijuaje, mwanangu? Wewe ndiye uliyeitengeneza."

Septemba 7

Nimeanza na lile la kuswali. Dhana yangu ya kwanza: usingizi mfupi hauleti shida, mrefu unaleta. Hilo lingenipeleka kwenye joto, betri, sijui nini. Nikalijaribu kabla ya kulipenda sana: `rtcwake -m mem -s 60`, yaani lala na ujiamshe baada ya sekunde 60. Mizani ikapotea. Sekunde 20, ikapotea.

Kwa hiyo si urefu. Nikaangalia mipangilio: skrini inazimika baada ya dakika 10, kompyuta inalala baada ya dakika 30. Swala ya adhuhuri ni robo saa, kwa hiyo mashine hailali, inazima skrini tu. Chakula, na hasa kikiwa ugali wa muhogo na samaki wa kuchoma, ni saa nzima. Karani alikuwa sahihi kabisa. Mimi ndiye niliyesoma kauli yake vibaya.

Septemba 9

Siku nzima kwenye mashine ya 2. Hii ndiyo siku iliyofungua njia, kwa hiyo nitaandika kwa kirefu.

Kwanza niseme kompyuta ikilala inafanya nini, maana watu wengi, nami nikiwamo zamani, hudhani ni kama kuzima taa. Mkataba unaoitwa ACPI, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba, umezipa hali hizi majina. S0 ni mashine iko macho. S3 ni usingizi mzito: prosesa inakatiwa umeme, karibu kila kitu kinakatiwa, inabaki RAM tu ikilishwa ili kumbukumbu zisifutike. S4 ni kuandika kila kitu kwenye diski na kuzima kabisa. Linux ina nyingine nyepesi iitwayo s2idle, na hiyo mimi naiita usingizi wa mang'amung'amu: prosesa inapumzika lakini umeme haukatwi.

Shida ya kuamka kutoka S3 ni hii. RAM inakumbuka kila kitu kana kwamba hakuna kilichotokea. Kerneli, yaani moyo wa Linux, inakumbuka kwamba poti fulani ina kifaa fulani, kimeshawekwa kasi fulani. Lakini kifaa chenyewe, kama kilikatiwa umeme, kimezaliwa upya na hakijui lolote. Mmoja anamsalimia mwenzake kwa jina, mwenzake anauliza wewe nani.

Basi swali likawa: tatizo ni la draiva (programu ndogo inayokiendesha kifaa) kushindwa kulaza na kuamsha, au ni la umeme kukatika? Linux ina njia nzuri ya kutenganisha hayo mawili. Kuna faili `/sys/power/pm_test`. Ukiandika humo neno `devices` kisha ukaiamuru mashine ilale, inasimamisha programu zote, inavilaza vifaa, inangoja sekunde 5, halafu inaviamsha bila kuufikia usingizi wenyewe. Draiva zinapitia hatua zao, lakini umeme haukatwi.

Nimerudia mara kumi. Mizani ipo mara zote kumi.

Kisha nikatoa jaribio, nikailaza kwa S3 ya kweli. Imepotea mara kumi kati ya kumi.

Kisha nikabadili `/sys/power/mem_sleep` kutoka `deep`, yaani S3, kwenda `s2idle`. Mizani ipo mara zote.

Hapo nikaacha kuchokonoa na kuagiza chai. Draiva hailali vibaya. Kuna mahali umeme unakatika na mtu hajaambiwa.

Mwenyekiti alipita wakati huo, akasikiliza, akasema, "Si uzime tu huo usingizi, fundi, tuendelee na kazi?" Swali halali, na kuna ofisi ningefanya hivyo bila kusita. Nikamwonyesha kipimo cha wati nilichochomeka ukutani: mashine ikiwa kazini 45, ikiwa kwenye s2idle 31, ikiwa kwenye S3 wati 3. Umeme ukikatika wanatumia inveta na betri mbili za sola. Mashine tatu zikikaa macho kutwa, saa kumi jioni hawana kitu, na saa kumi jioni ndipo magari ya vijijini yanapowasili. Akatikisa kichwa, akasema basi endelea.

Septemba 10

Nimebadilishana kebo kati ya mashine. Hili ni jaribio la bei rahisi kuliko yote na sijui kwa nini huwa nalifanya la tatu badala ya la kwanza.

Kebo ya mashine ya 2 ina chipu ya PL2303 (kwenye `lsusb`, orodha ya vifaa vya USB, inajitambulisha 067b:2303). Kebo ya mashine ya 1 ni CH340 (1a86:7523). Kebo ya CH340 nikaihamishia mashine ya 2: mizani inarudi yenyewe baada ya kuamka. Kebo ya PL2303 nikaihamishia mashine ya 1: nayo inafanya kazi! Kwa hiyo kebo peke yake haina kosa, na mashine peke yake haina kosa. Wakikutana hao wawili ndipo mambo yanaharibika.

Mashine ya 3 sitaki hata kuiandika leo. Ina vituko vyake.

Septemba 13

Nimepata. Nimeandika kwenye daftari kwa herufi kubwa, sasa naandika hapa kwa utulivu.

Baada ya kuamka, kwenye `dmesg`, yaani logi ya kerneli, ya mashine ya 2 kuna mistari miwili niliyokuwa nikiipita kila siku. Wa kwanza unasema kigeuzi cha pl2303 kimetengana na ttyUSB0, jina la mlango ambao programu husomea mizani. Wa pili unasema kimeungana na ttyUSB1.

Namba imebadilika. Hapo ndipo yote yanapokaa.

Kisa chake: kifaa cha USB kikipoteza umeme wakati wa usingizi, kerneli inajaribu kukiwasha upya na kukirudisha mahali pake bila mtu kujua. Ili hilo lifanikiwe draiva lazima iwe na kazi yake maalumu ya kukipanga kifaa upya baada ya kuwashwa. Draiva ya CH340 inayo. Ya PL2303 kwenye kerneli hii haina, kwa hiyo kerneli inakitenga kifaa na kukiunganisha kama kigeni. Sasa kigeni huyo anatafuta jina. Jina la ttyUSB0 bado limeshikwa na programu yangu, iliyoufungua mlango asubuhi na haijauachia. Anapewa ttyUSB1. Programu yangu inaendelea kusikiliza mlango ambao nyuma yake hakuna mtu.

Na hapa ndipo ibada ya karani inapoeleweka. Ukichomoa waya kabla ya kufunga programu, ttyUSB0 bado imeshikwa, kwa hiyo ukichomeka tena kifaa kinarudi kuwa ttyUSB1. Halafu ukifunga na kufungua programu, inatafuta ttyUSB0, haipo. Ukifunga programu kwanza, jina linaachiwa. Ukichomeka, kifaa kinapata ttyUSB0. Ukifungua programu, wanakutana. Mama yule aliigundua kanuni ya ugawaji wa namba za kerneli kwa kuangalia tu, bila kusoma mstari mmoja wa logi.

Sasa sehemu ya aibu. Mlango ukishakufa, maktaba ya pyserial, ambayo programu yangu huitumia kusoma mlango, hupiga kelele: inatupa kosa waziwazi. Kwa nini hakuna aliyeiona kelele hiyo? Kwa sababu mwaka jana, nikiwa na haraka, niliandika mistari inayolidaka kosa lolote na kuendelea kimya. Niliinyamazisha mwenyewe. Programu ikawa inaonyesha kilo za mwisho ilizozipata, kwa uso mkavu.

Nimekaa na karani tukalinganisha daftari la mkono na kumbukumbu za kompyuta za msimu uliopita, kurasa zote. Hakuna gunia lililoandikwa mara mbili. Alikuwa akilinganisha na kioo cha mizani kila mara, haiamini kompyuta. Afadhali.

Septemba 14

Marekebisho ya programu, kwa ufupi:

Nimeandika kanuni ya udev (sehemu ya Linux inayovipa vifaa majina) inayotoa jina `/dev/mizani` kwa kebo zote mbili, iwe kerneli imeipa namba ipi. Nilitaka kutumia `/dev/serial/by-id/`, lakini CH340 nyingi hazina namba yao ya pekee, zinafanana kama mapacha. Kwa kuwa kila kompyuta ina mizani moja tu, kutambua kwa chipu kunatosha.

Programu ikipata kosa inauachia mlango, inangoja sekunde moja, inajaribu upya. Na ikipita sekunde 2 bila kilo mpya, mahali pa namba panakuwa vistari na kitufe cha kuhifadhi kinajifunga. Hili la mwisho ndilo ninalolithamini zaidi kuliko yote ya mwezi huu.

Septemba 15

Bado lilibaki swali kwa nini mashine ya 1 haisumbui hata kwa kebo ya PL2303. Jibu nililipata kwa karani tena. Simu yake huwa anaichaji kwenye mashine ya 1 tu. "Ile ya pili ikilala haichaji."

Yaani poti za mashine ya 1 zinabaki na umeme kwenye S3, za mashine ya 2 zinakatwa. Nikafungua. Kwenye mazabodi ya mashine ya 2, karibu na poti za nyuma, kuna pini tatu na jampa, kile kifuniko kidogo kinachounganisha pini mbili: upande mmoja umeandikwa +5V, mwingine +5VSB. Ilikuwa upande wa +5V, ambao unakufa mashine ikilala. Nikachomoa waya wa ukutani, nikaihamishia +5VSB, ule umeme wa akiba usiokatika mradi mashine imechomekwa ukutani.

Nikailaza na kuiamsha mara ishirini. ttyUSB0 haikutikisika.

Ningeanza na jampa ningesema nimemaliza, na yale maradhi ya programu yangu yangebaki yamejificha hadi siku mtu atakapojikwaa kwenye waya.

Septemba 18

Mashine ya 3. Ikiamka, mizani haipo, kibodi imekufa, kadi ya mtandao haipo. Mara nyingine feni inazunguka na skrini inabaki nyeusi. Kebo yoyote, matokeo yaleyale. Jampa tayari iko +5VSB.

Nikajaribu `pm_trace`. Ni ujanja wa ajabu: wakati wa kulala na wa kuamka kerneli inaandika alama ya ilipofikia ndani ya saa ya mashine, kwa kuwa ndiyo kumbukumbu pekee inayobaki ukizima kwa nguvu. Halafu unawasha upesi, kabla ya dakika 3 kupita, na kusoma alama. Gharama yake ni kwamba saa inavurugika. Alama ya kuamka sikuipata, mashine haikufika hata hatua ya kuiandika. Saa ndiyo iliyovurugika, na yule kijana akachapisha stakabadhi ya majaribio yenye tarehe ya miaka ambayo hakuna aliyekuwapo. Wameibandika ukutani. Wananiita fundi wa kale.

Septemba 20

Jana usiku niliwaza: vifaa visivyohusiana vikifa pamoja, usiviulize vyenyewe, uliza kinachovilisha. Leo nimekwenda na mita.

Waya wa zambarau kwenye plagi kubwa ya pawa saplai, pini ya 9, ndio +5VSB. Kiwango cha ATX, cha pawa saplai za kompyuta, kinaruhusu asilimia 5 juu au chini: volti 4.75 hadi 5.25. Mashine ikiwa macho nimesoma 5.02, safi. Nikailaza nikiwa nimeshikilia ncha za mita: 4.38. Nikachomeka simu yangu ichaji: 4.11.

Mashine ikiwa macho, laini hii haina kazi kubwa, kwa hiyo udhaifu hauonekani. Ikilala, RAM, poti za USB na kadi ya mtandao vyote vinaiegemea. Ndiyo maana kila aliyeipima mchana, nami nikiwamo, aliiona nzima.

Kabla ya kugusa kitu, nikabadilishana pawa saplai na mashine ya 1. Ugonjwa ukahama nayo. Basi.

Septemba 24, Chikongola

Pawa saplai nimeirudisha karakana. Nimemwonya kijana anayejifunza kwangu: umeme wa ukutani wa volti 230 ukishanyooshwa unafika takriban 325, na kapasita kubwa inaweza kuushikilia hata waya ukiwa umechomolewa. Tumeipima, tumengoja, tumeipima tena.

Upande wa stendibai, yaani wa +5VSB, kuna kapasita mbili za mikrofaradi 1000, volti 10, vichwa vimevimba kama maandazi. Zimekaa kando ya bamba la kupozea linalochemka kutwa. Nimeweka mpya za kuvumilia nyuzi 105. Kulehemu dakika kumi, kuzitafuta madukani siku mbili.

Nimeipima ikiwa na mzigo: 5.04.

Septemba 27

Zote tatu ghalani. Nimeziacha zilale na kuamka zenyewe usiku kucha kwa `rtcwake`, kila mashine mara 100, hati fupi, yaani programu ndogo, ikiandika kila mara kama `/dev/mizani` ipo na inaleta kilo. Jiwe la kilo 20 juu ya kila mizani. Mashine ya 1: 100. Ya 2: 100. Ya 3: 100. Umeme ulikatika saa tisa usiku, inveta ikashika, hati haikujua.

Mifuko ya salfa imehamishiwa stoo ya nje. Haikuwa na hatia safari hii, lakini sitaki kukutana nayo msimu ujao.

Oktoba, siku ya kwanza ya kupokea korosho

Nimekwenda kutazama tu. Foleni ndefu, vumbi, harufu ya mabibo. Saa saba na nusu karani akaenda kula. Mashine ya 2 ikalala. Aliporudi akagusa kibodi, skrini ikawaka, vistari vikaonekana kidogo kisha kilo zikaja, sawa na zilizo kwenye kioo cha mizani.

Akafunga programu, akachomoa waya, akauchomeka, akafungua programu, akamwita mtu wa kwanza kwenye foleni.

Nikamwambia, mama, siku hizi haihitaji hivyo. Akasema anajua, nilishamweleza. Nimerudi na hiace ya saa tisa. Kwenye orodha ya vipuri nimeongeza poti moja ya USB ya akiba.